UCHAMBUZI: Kifaa cha mazoezi ya mgongo nyumbani hakichukui nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo tatizo linaloongoza kwa kuwasababishia watu ulemavu duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu hayo mwaka 2020, na idadi hiyo inakadiriwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Ongezeko kubwa zaidi linatarajiwa kutokea katika bara la Afrika na bara la Asia, ambako idadi ya watu inakua na watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani.

Nchini Tanzania tatizo hili halihitaji maelezo marefu ili lieleweke. Linamfahamu mkulima anayeinama na jembe la mkono tangu alfajiri, mama anayebeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, dereva wa bodaboda anayeketi juu ya chombo kwa saa kumi na zaidi, mpakiaji wa magunia sokoni, na mtumishi wa ofisini anayeinamia kompyuta kutwa nzima. Wengi wao huanza kwa kununua dawa ya kutuliza maumivu katika duka la dawa, kisha hurejea kazini, kisha hununua dawa nyingine.

Katika miaka ya karibuni imeongezeka njia mpya ya kukabiliana na tatizo hilo, nayo ni vifaa vya kielektroniki vinavyovaliwa mwilini ili kumsaidia mgonjwa kufanya mazoezi tiba akiwa nyumbani. Vifaa hivyo vimekuwa vikitumika katika nchi za Ulaya, Marekani na Australia kwa zaidi ya muongo mmoja, na matangazo yake humfikia yeyote mwenye simujanja, popote alipo. Mwananchi anayeyaona matangazo hayo ana haki ya kuuliza: kifaa hiki kinatibu nini hasa, na je, fedha anayotakiwa kuilipa inanunua nafuu au inanunua pambo?

Swali hilo tayari limefanyiwa utafiti, na majibu yake yana funzo kwa mgonjwa mmoja mmoja na kwa wapangaji wa huduma za afya.

Kifaa kinavyofanya kazi

Vifaa vinavyozungumziwa hapa ni vihisi vidogo, vyepesi, vinavyobandikwa kwenye ngozi ya mgongo na nyonga au kufungwa kwa mkanda kifuani, kiunoni na mapajani. Ndani yake mna vipimo vya mwendo vya aina ileile inayoiwezesha simu kutambua kuwa imegeuzwa. Mgonjwa anapoinama, kujinyoosha au kuinua mguu, kihisi hupima pembe na kasi ya mjongeo huo, kisha hutuma taarifa kwenye simu au kishikwambi bila kutumia waya.

Programu tumishi iliyomo kwenye simu humwonesha mgonjwa picha ya mwili wake ukijongea, humhesabia marudio, na humwonya kwa sauti au mtetemo anapokwenda kinyume na maelekezo. Baadhi ya mifumo hupeleka taarifa hizo kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliye mbali, naye huona siku ambazo mgonjwa amefanya mazoezi, siku alizoacha, na zoezi lililomzidishia maumivu.

Vifaa hivyo visichanganywe na mikanda ya kubana kiuno wala mishipi ya kunyoosha mabega inayouzwa madukani na barabarani. Mkanda wa aina hiyo haupimi chochote wala haumwelekezi mvaaji. Hushikilia mwili tu. Katika mwongozo wake uliotolewa Desemba 2023 kuhusu matibabu yasiyo ya upasuaji kwa watu wazima wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, yaani yanayozidi miezi mitatu, WHO ilieleza kuwa mikanda ya kushikilia kiuno, tiba ya kuvuta mgongo, na dawa kali za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni hazipaswi kutolewa kama huduma ya kawaida kwa wagonjwa walio wengi. Badala yake mwongozo ulipendekeza elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, tiba za kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe na maumivu pale zinapofaa.

Mazoezi, kwa hiyo, yamo katika orodha ya tiba zinazokubalika. Linalobaki kujadiliwa ni mchango wa kifaa katika mazoezi hayo.

Ushahidi kutoka Australia

Jibu lenye uzito mkubwa lilitoka Australia mwaka 2023, katika utafiti uitwao RESTORE uliochapishwa na jarida la kitabibu la The Lancet. Utafiti huo uliwahusisha watu wazima 492 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo yaliyowazuia kutekeleza shughuli zao, ukafanyika katika kliniki 20 za fiziotherapia.

Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea na huduma za kawaida. Kundi la pili lilipata tiba maalumu ya fiziotherapia ambayo humsaidia mgonjwa kuyaelewa maumivu yake, kurudia hatua kwa hatua mijongeo aliyoizoea kuiogopa, na kurekebisha mwenendo wa maisha, ukiwamo usingizi na mazoezi ya mwili. Kundi la tatu lilipata tiba hiyohiyo, ila likaongezewa vihisi vya mwendo vilivyowapa mgonjwa na mtaalamu wake taarifa za namna mgongo unavyojongea. Ili ulinganisho uwe wa haki, hata washiriki wa kundi la pili walivalishwa vihisi, lakini taarifa zake hazikutumika katika tiba.

Matokeo yalikuwa bayana. Makundi yote mawili yaliyopata tiba ya mtaalamu yalipata nafuu kubwa kuliko kundi la huduma za kawaida. Katika kipimo cha ulemavu chenye alama 24, tofauti ilikuwa ya wastani wa zaidi ya alama nne katika wiki ya 13, na nafuu hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka. Ufuatiliaji wa miaka mitatu, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, ulionesha kuwa manufaa hayo yaliendelea kuwapo.

Hata hivyo, kundi lililotumia taarifa za vihisi halikupata nafuu ya maana zaidi ya kundi lililopata tiba pekee. Kwa maneno mengine, walichohitaji wagonjwa hao kilikuwa mtaalamu aliyewasikiliza, akawachunguza na kuwaongoza katika vikao visivyozidi saba ndani ya wiki 12 na kikao kimoja cha kukumbushia baadaye. Vihisi havikuongeza kitu ambacho mtaalamu huyo hakuwa amekitoa tayari.

Utafiti huo ulitoa pia hesabu ya kiuchumi. Tiba hiyo iliokoa zaidi ya dola 5,000 za Australia kwa kila mgonjwa ikilinganishwa na huduma za kawaida, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitokana na watu kurudi kwenye uzalishaji. Hoja hiyo inastahili kutazamwa kwa makini na nchi yoyote ambayo uchumi wake unategemea nguvu za mikono ya wananchi wake.

Mahali ambapo kifaa kina faida

Ingekuwa makosa kuhitimisha kutokana na utafiti huo mmoja kwamba vifaa hivi havina kazi. Washiriki wa RESTORE walikutana na wataalamu wao ana kwa ana. Swali tofauti ni lile la mgonjwa asiyeweza kufika kliniki.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023, uliangalia hali hiyo. Ulihusu programu ya Sword Health, kampuni iliyoanzia Ureno, na uliwagawa watu 140 wenye maumivu sugu ya mgongo katika makundi mawili kwa muda wa wiki nane. Nusu yao walihudhuria fiziotherapia ya kawaida kwa kukutana na mtaalamu. Nusu nyingine walifanya mazoezi nyumbani wakiwa wamevaa vihisi, huku mtaalamu wa fiziotherapia akiwafuatilia kutoka mbali. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Lakini waliokatisha tiba katika kundi la nyumbani walikuwa asilimia 15.7, ilhali katika kundi la kliniki walikuwa asilimia 34.3. Ni vyema msomaji afahamu kuwa baadhi ya waandishi wa utafiti huo walikuwa waajiriwa wa kampuni yenyewe, hivyo matokeo yake yanahitaji kuthibitishwa na watafiti huru.

Tafiti hizi mbili hazipingani. Katika zote mbili, mtaalamu wa fiziotherapia alikuwapo. Pale alipokuwa karibu na mgonjwa, kihisi hakikuongeza nafuu. Pale alipokuwa mbali, kihisi kilimwezesha kuona yanayotendeka sebuleni kwa mgonjwa, na wagonjwa wengi zaidi walimaliza tiba waliyoianza. Thamani ya kifaa, basi, imo katika kufupisha safari kati ya mgonjwa na mtaalamu. Kikikosa mtaalamu upande wa pili, kinabaki kuwa kihesabio cha marudio.

Ujerumani imelichukulia suala hili kwa utaratibu unaofaa kutazamwa. Kupitia sheria iliyopitishwa mwaka 2019, daktari nchini humo anaweza kumwandikia mgonjwa programu tumishi ya tiba kama anavyomwandikia dawa, na gharama zake hulipwa na bima ya afya. Programu ya mazoezi ya mgongo iitwayo ViViRA ilikuwa miongoni mwa zilizoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2020. Sharti ni kwamba mtengenezaji aoneshe ushahidi wa manufaa. Asipokuwa nao, anaweza kupewa nafasi ya muda ya miezi 12 ili autafute, na akishindwa, bidhaa yake huondolewa. Anayelipa ndiye anayedai uthibitisho.

Umbali kama gharama ya tiba

Kwa Tanzania, hoja ya umbali ina uzito wa pekee. Huduma za fiziotherapia hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kuanzia hospitali za rufaa za mikoa na kanda hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mgonjwa anayeishi kijijini anayeelekezwa kuhudhuria mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi miwili hulazimika kupanga nauli, chakula na siku za kazi atakazozikosa. Akianza kupata ahueni kidogo huacha, na akiacha maumivu hurudi.

Ni rahisi kuona kwa nini teknolojia inayompeleka mtaalamu hadi nyumbani inavutia. Lakini ili imfae mgonjwa huyo, lazima kuwe na mtaalamu aliyemchunguza kwanza, simu inayoweza kupokea programu, umeme wa kuichaji, kifurushi cha intaneti, na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kifaa cha bei kubwa huishia kabatini.

Hapa ndipo mpangilio wa vipaumbele unapohitajika. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia akifundishwa na kuajiriwa huhudumia wagonjwa kwa miaka mingi, nao si wa mgongo pekee. Wamo waliopata kiharusi, waliovunjika mifupa na watoto wenye utindio wa ubongo. Katika RESTORE, kilichogharimu muda kilikuwa mafunzo ya wataalamu, ambayo yalichukua miezi kadhaa. Kifaa kinaweza kununuliwa kwa siku moja. Ujuzi wa kukitumia haununuliwi dukani.

Zipo pia njia za kati zinazoweza kutumika bila kusubiri vihisi. Mtaalamu anaweza kumpigia mgonjwa simu ya kawaida mara moja kwa wiki, kumtumia ujumbe mfupi wa kumkumbusha, au kumpa daftari la kuweka alama kila anapomaliza mazoezi. Aidha, Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii uliozinduliwa Januari 31, 2024, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, unatoa fursa ya kuwa na mtu ndani ya kijiji anayeweza kumkumbusha mgonjwa mazoezi aliyoelekezwa hospitalini na kumhimiza arudi kituoni hali inapobadilika. Kazi ya kukumbusha na kutia moyo, ambayo kihisi huifanya kwa mtetemo, jirani aliyepewa mafunzo anaweza kuifanya kwa kubisha hodi.

Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nao unalipa suala hili umuhimu mpya. Fedha za bima ni michango ya wananchi. Huduma yoyote inayopendekezwa kulipiwa na fedha hizo, iwe kikao cha fiziotherapia au kifaa cha kuvaliwa, inapaswa kupimwa kwa swali lilelile: inampunguzia mgonjwa maumivu na kumrudisha kazini kwa kiasi kinacholingana na gharama yake?

Kifaa hakiwezi kumchunguza mgonjwa

WHO inaeleza kuwa takriban asilimia 90 ya maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo hayana chanzo kimoja kinachoweza kuthibitishwa kwa vipimo. Maumivu ya aina hiyo ndiyo yanayofaa kwa mazoezi. Asilimia iliyobaki ndiyo inayohitaji jicho la tabibu, na kihisi hakina jicho hilo. Kinaweza kupima nyuzi za kuinama. Hakiwezi kutambua kwa nini mgongo umekataa kuinama.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na ugonjwa huo unaweza kushambulia pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa wa namna hiyo akijifungia nyumbani na programu ya mazoezi kwa miezi mitatu, anapoteza muda ambao dawa zingemwokoa na ulemavu. Ndivyo ilivyo pia kwa saratani iliyosambaa kwenye mifupa na kwa uti wa mgongo uliovunjika kutokana na ajali au mifupa kudhoofika uzeeni.

Mwananchi anashauriwa kwenda kituo cha huduma za afya bila kuchelewa, kabla ya kuanza mazoezi yoyote, iwapo maumivu ya mgongo yanaambatana na homa, kutokwa jasho jingi usiku au kupungua uzito bila sababu. Iwapo yalianza baada ya kuanguka au kupata ajali. Iwapo yanazidi usiku na hayapungui kwa mapumziko. Au iwapo amewahi kuugua saratani. Kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa, ganzi katika sehemu za siri na kati ya mapaja, pamoja na miguu kuishiwa nguvu, ni dalili za dharura zinazohitaji hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anayelalamika maumivu ya mgongo yasiyokwisha naye anastahili kuchunguzwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yanaweza kufichwa hata nyuma ya programu nzuri ya simu.

Sheria na taarifa za mgonjwa

Vifaa hivi vinagusa maeneo mawili ya sheria ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu. La kwanza ni usalama na ubora wa kifaa chenyewe. Kifaa ambacho mtengenezaji wake anadai kinatibu au kupunguza ugonjwa huangukia katika maana ya kifaa tiba, na vifaa tiba nchini hudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Muuzaji anayejigamba kuwa kifaa chake kinaponya mgongo anapaswa kuwa tayari kuonesha kuwa kimepitia mamlaka hiyo. Muuzaji anayesema ni cha mazoezi tu asikitangaze kama dawa.

La pili ni taarifa. Kihisi kinachovaliwa mgongoni hukusanya habari za mwili wa mtu, muda anaoamka, siku anazoumia na kiasi anachoweza kujongea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, na inamtaka anayezikusanya apate ridhaa ya mhusika, azitumie kwa lengo alilolieleza, na afuate masharti anapozisafirisha nje ya nchi. Usimamizi wa sheria hiyo uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa kuwa programu nyingi za aina hii huhifadhi taarifa katika seva zilizo nje ya nchi, mtumiaji anapaswa kujua zinakokwenda na nani atakayezisoma. Mwajiri au mtoa bima akijua kuwa mtu fulani ameshindwa kuinama kwa wiki sita, taarifa hiyo inaweza kugeuka kuwa sababu ya kumnyima kazi au kumwongezea mchango. Kubonyeza neno "nakubali" bila kusoma kunaweza kuwa na gharama kuliko bei ya kifaa.

Mazoezi yasiyohitaji kifaa

Wakati mjadala wa teknolojia ukiendelea, mwenye maumivu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari hana sababu ya kusubiri. Ushauri wa kitaalamu umebadilika: kulala kitandani kwa siku nyingi hakupendekezwi tena, na mgonjwa anahimizwa aendelee na shughuli zake kwa kadiri anavyoweza.

Kutembea ni mfano mzuri. Utafiti mwingine wa Australia, uitwao WalkBack na kuchapishwa katika The Lancet mwaka 2024, uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo muda mfupi uliopita. Waliopewa programu ya kutembea iliyoongezwa kidogo kidogo, pamoja na elimu kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi kwa kiwango cha kuwazuia shughuli zao, ikilinganishwa na siku 112 kwa wasiopewa programu hiyo. Takwimu hizo ni za mtu wa katikati katika kila kundi. Lengo lilikuwa kufikia kutembea dakika 30, mara tano kwa wiki. Njia hiyo haidai zaidi ya viatu na nia.

Nyumbani, mkeka unatosha. Mazoezi ambayo wataalamu huyatumia mara kwa mara ni pamoja na kulala chali na kuvuta goti moja moja kuelekea kifuani. Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, kisha kuinua nyonga taratibu na kuishusha. Na kupiga magoti huku mikono ikiwa chini, kisha kuupandisha mgongo juu na kuushusha kwa utulivu. Mazoezi huanza kwa marudio machache na kuongezwa kadiri mwili unavyozoea. Maumivu madogo wakati wa kuanza si ishara kwamba mgongo unaharibika. Maumivu makali yanayoshuka mguuni na kuendelea kuzidi ni sababu ya kusimama na kumwona mtaalamu. Mjamzito, mtu aliyefanyiwa upasuaji na mzee mwenye mifupa dhaifu waanze kwa ushauri.

Ugumu wa mazoezi haya hauko katika kuyajua. Uko katika kuyarudia wiki ya sita, wakati maumivu yamepungua na hamu imekwisha. Haba na haba hujaza kibaba, na mgongo hupata nguvu kwa utaratibu huohuo. Kwa mtu ambaye kihisi kitamsaidia kudumu hadi wiki hiyo ya sita, na ambaye fedha yake inaruhusu, kifaa kina nafasi yake. Kwa asiye na uwezo huo, kalenda ukutani na kalamu vinaweza kufanya kazi hiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwananchi anayefikiria kununua kifaa cha aina hii anashauriwa kujiuliza maswali machache. Je, amechunguzwa na mtaalamu wa afya na kuambiwa kuwa mazoezi yanamfaa? Je, kuna mtaalamu wa fiziotherapia atakayezisoma taarifa za kifaa, au zitabaki kwenye simu yake? Je, kifaa kinatambuliwa na TMDA? Je, bei ni ya mara moja, au kuna malipo ya kila mwezi yatakayokifanya kizime akishindwa kulipa? Je, maelekezo yake yako katika lugha anayoielewa? Na je, taarifa zake zitahifadhiwa wapi?

Kwa taasisi za umma na za binafsi zinazotoa huduma, swali kuu ni moja: fedha inayotengwa kwa ajili ya vihisi ingeweza kuwafikia wagonjwa wangapi kama ingetumika kwanza kumfundisha na kumwajiri mtaalamu? Jibu likiwa kwamba mtaalamu tayari yupo na kinachomzuia ni umbali, kifaa kinastahili kujaribiwa, kwa kiwango kidogo na kwa vipimo vya wazi. Jibu likiwa kwamba mtaalamu hayupo, kifaa kitasubiri.

Siku ya Fiziotherapia Duniani huadhimishwa Septemba 8 kila mwaka, na mwaka 2024 ilibeba ujumbe kuhusu maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Ujumbe huo haujapitwa na wakati. Mwananchi mwenye maumivu ya mgongo yaliyozidi wiki kadhaa anahimizwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze dalili zake zote bila kuficha, na aulize kama anaweza kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hatua hiyo ya kwanza haihitaji kihisi, na hakuna kihisi kinachoweza kuichukua kwa niaba yake.